Sensa ya Mayai

Mwaka 1949, meli za utafiti zilianza kukokota nyavu nje ya pwani ya California, Marekani, kumtafuta samaki ambaye viwanda vilikuwa vimeanza kumkosa. Miaka kumi na miwili hivi kabla ya hapo, msimu wa 1936–37, wavuvi wa pwani ile ya Pasifiki walikuwa wamepakua zaidi ya tani 700,000 za sadini. Mjini Monterey mtaa mzima uliishi kwa samaki huyo. Filimbi ya kiwanda ikilia usiku wa manane, akina mama walitoka vitandani kwenda kukata vichwa na kupanga makopo. Lakini si wote walioingia kwenye makopo. Sehemu kubwa ilisagwa ikawa unga wa kulishia kuku, mbolea na mafuta, maana huko ndiko faida ilikokuwa nyepesi.

Kisha sadini akaanza kutoweka, akianzia kaskazini na kushuka kusini. Kanada ilimkosa msimu wa 1947–48. Oregon na Washington zikafuata msimu wa pili yake. San Francisco ikafunga hesabu msimu wa 1951–52. Waliobaki walikuwa kusini, na hao nao walivuliwa mpaka bunge la California lilipopiga marufuku uvuvi wake mwaka 1967, wakati ambapo hakukuwa na cha maana cha kukataza.

Ugomvi ulikuwa juu ya nani alaumiwe. Frances Clark, mwanamama aliyeongoza maabara ya uvuvi ya jimbo la California tangu mwaka 1941, alikuwa miongoni mwa watafiti wa jimbo waliosema tangu miaka ya 1930 kwamba kinachovuliwa kinazidi kinachozaliwa. Wenye viwanda hawakutaka kusikia. Wanasayansi wa serikali ya shirikisho, kwa upande wao, walielekea kuamini kwamba bahari yenyewe imebadilika: maji yamepoa au mikondo imehama, na vizazi vya sadini vimeshindwa kukua. Suluhu ikawa ni kuchunguza. Jimbo, serikali ya shirikisho, Taasisi ya Elimu-Bahari ya Scripps na wengine waliungana katika mpango mmoja, ambao baadaye ulipewa jina la CalCOFI, na sehemu ya gharama ikalipwa na ushuru uliotozwa kwa kila tani ya sadini iliyopakuliwa. Wenye viwanda waliukubali ushuru huo. Sidhani ilikuwa ni kwa mapenzi ya elimu. Uchunguzi ni nafuu kuliko kupunguziwa uvuvi, na huchukua muda mrefu. Hata mwaka 1955, Clark na mwenzake wa serikali ya shirikisho, John Marr, walipoandika makala moja juu ya sadini, ilibidi kila mmoja aeleze hitimisho lake ndani ya makala ileile kwa kuwa hawakuafikiana.

Ila jambo moja walikubaliana: kama unataka kujua wako wangapi, usiwahesabu samaki. Hesabu mayai.

Ushauri huo unaonekana wa ajabu mpaka umfikirie anayehesabu. Samaki mzima hukimbia. Hukusanyika hapa leo na kesho hayupo, na kundi lake laweza kupita chini ya meli huku nahodha anakunywa chai. Takwimu za forodhani nazo hueleza wavuvi walikwenda wapi na bei ilikuwaje, kabla hazijasema chochote juu ya samaki. Wavuvi hodari wanaweza kuendelea kujaza vyombo mpaka kundi la mwisho, kwa sababu kazi yao ni kuyafuata makundi. Ukitazama vyombo vyao tu utadhani bahari imejaa. Yai halina mapezi. Likishatoka kwa mama yake linaelea lilipo, linasukumwa na maji, na wavu mdogo wa mita moja hulichota sawasawa na linavyochotwa lingine lolote. Idadi ya mayai katika maji ni alama ya akina mama walioyataga.

Kwamba mayai ya samaki wengi huelea, hilo lenyewe lilibidi ligunduliwe. Kwa muda mrefu wengi waliamini kuwa samaki wote hutaga chini, kwenye mchanga na mawe, kama heringi wanavyofanya, na kwamba nyavu za kukokota ziliponda mayai. Mwaka 1864 serikali ya Norwe ilimtuma kijana Georg Ossian Sars kwenye visiwa vya Lofoten kuchunguza uvuvi mkubwa wa chewa wa kaskazini (si chewa wetu wa mwambani, ni wa ukoo mwingine). Sars alikokota wavu wa kitambaa laini juu ya maji na kuinua mayai mengi ajabu, safi kama kioo, yakielea wazi kwenye bahari wakati wavuvi wakivua wazazi wake chini. Dada yake Sars, Eva, baadaye aliolewa na mvumbuzi Fridtjof Nansen. Jina la shemeji huyo wapwani wetu wamewahi kuliona ubavuni mwa meli, na nitalirudia.

Mwaka 1895 Mjerumani Victor Hensen, yuleyule aliyebuni neno planktoni, alikwenda Bahari ya Kaskazini na kujaribu kitu cha kishujaa kidogo: ahesabu mayai katika vituo vingi, akadirie mayai ya bahari yote, agawanye kwa mayai ambayo jike mmoja hubeba, apate idadi ya samaki. Wenzake walitilia shaka. Vituo vilikuwa vichache mno kwa bahari kubwa vile, na hakuna aliyejua mayai mangapi yamekwisha kuliwa kabla wavu haujapita. Hesabu yake haikuaminika. Wazo lake ndilo linalotumika mpaka leo.

Sasa tuingie melini, kwa sababu mengi katika sayansi hii hutegemea waya na winchi. Kwenye ramani ya California pamechorwa mistari inayotoka pwani kwenda bahari kuu, na juu ya kila mstari pamewekwa vituo. Meli hufika kituoni usiku au mchana, jua au mvua, hushusha wavu, huuinua, huondoka. Wavu unaotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 huitwa bongo, kutokana na zile ngoma mbili ndogo zilizounganishwa: pete mbili za sentimita 71 zimefungwa ubavu kwa ubavu, kila moja ina mfuko mrefu wa nailoni wenye matundu ya nusu milimita. Mbele hakuna kamba ya kuvutia iliyokatiza mdomo, ili viluwiluwi, yaani watoto wachanga wa samaki, wasishtuke kabla hawajamezwa. Waya hutolewa mita 300, kwa mwendo wa mita 50 kwa dakika, huku meli ikisogea taratibu kiasi kwamba waya unalala kwa pembe ya nyuzi 45. Kwa pembe hiyo wavu hufika kina cha mita 210 hivi. Kisha huvutwa polepole, mita 20 kwa dakika, ukipanda kimshazari na kuonja kila tabaka la maji kwa muda sawa. Pembe ikiharibika, kwa upepo au kwa nahodha mwenye haraka, wavu umekaa muda mrefu kwenye tabaka moja na kazi hurudiwa.

Mdomoni mwa kila pete pamefungwa kipangaboi kidogo kinachozunguka na kuhesabu mizunguko yake. Hicho ndicho kinachogeuza supu kuwa takwimu. Bila kujua ni mita ngapi za ujazo wa maji zimechujwa, mayai 60 ndani ya chupa hayana maana yoyote. Yanaweza kuwa utajiri au ufukara. Mtu asiye wa fani hii hutazama wavu. Wenye fani hutazama kipangaboi, na humgombeza aliyesahau kusoma namba yake kabla ya kushusha.

Kinachobaki chini ya mfuko huoshwa, humiminwa chupani na kuhifadhiwa kwa fomalini. Kwa macho ni uji wa rangi ya waridi au kahawia: vijidudu vya jamii ya kamba kwa maelfu, vipande vya yavuyavu, mwani, na humo ndani, labda, mayai. Nchi kavu, mtu hukaa mbele ya hadubini na kibano na kuyachagua moja moja. Chupa moja yaweza kula nusu siku. Ikiwa imejaa viumbe kama yavuyavu, yaweza kula siku nzima na kutoa viluwiluwi watatu. Ajira hii haina sifa, na idadi kubwa ya walioifanya majina yao hayamo kwenye majalada ya makala zilizoandikwa kutokana na macho yao.

Baadhi ya mayai ni mepesi kutambua. Yai la anchovi, ndugu wa karibu wa dagaa wa baharini tunaowaanika, halina mviringo. Ni refu kama punje ya mchele, milimita moja na kitu. Yai la sadini ni duara, kubwa zaidi, lenye nafasi pana kati ya ganda na kiini na tone moja la mafuta ndani. Mengine mengi hufanana vibaya mno: duara la milimita moja, maji matupu, tone moja la mafuta, na humo kiumbe ambaye bado hajaamua sura yake. Kwa viluwiluwi watafiti huhesabu pingili za misuli na kutazama doa za rangi nyeusi, zimekaa wapi tumboni, ngapi mkiani. Elbert Ahlstrom alitumia maisha yake katika maabara ya La Jolla, California, kujifunza alama hizo, na baada yake Geoffrey Moser aliongoza kazi ya kitabu kikubwa cha mwaka 1996 kinachochora hatua za mwanzo za samaki wa mkondo wa California, spishi kwa mamia. Kitabu hicho ndicho msahafu wa maabara.

Yai halielezi tu ni la nani, hueleza pia lina umri gani. Anchovi wa California hutaga usiku, karibu na saa nne hadi saa sita, na katika maji ya kule yai huchukua siku mbili au tatu kuanguliwa. Ukuaji wake umegawanywa katika hatua 11, na kasi ya kupita hatua hizo hutegemea joto la maji, ambalo meli hulipima. Kwa hiyo wavu ukiinuka saa tatu asubuhi, mhesabu anaweza kutenga mayai ya usiku wa jana, ya juzi na ya kabla ya juzi. Ya jana ni mengi, ya juzi machache, ya kabla ya juzi machache zaidi. Mteremko huo ni kifo chenyewe kimechorwa. Ukiufuata kurudi nyuma mpaka saa ya kutagwa, unapata kile ambacho Hensen hakuweza kukipata: mayai yaliyotagwa kwa usiku mmoja kabla ya wala mayai kuanza karamu yao.

Kilichobaki ni kujua jike hutaga mangapi na mara ngapi. Hapo ndipo palipokwama kwa muda mrefu, kwa sababu jike wa anchovi hatagi mara moja na kumaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa La Jolla walianza kukata ovari vipande vyembamba na kuvisoma chini ya hadubini. Yai linapotoka huacha nyuma kifuko kitupu, na kifuko hicho huchakaa kwa siku mbili hivi kabla hakijapotea. Kifuko kibichi maana yake ametaga usiku huu. Kilichosinyaa, usiku uliopita. Ikaonekana kwamba katika kilele cha msimu jike hutaga karibu mara moja kwa wiki. Mwaka 1980 hesabu yote ikaunganishwa kwa mara ya kwanza: mayai ya usiku mmoja katika eneo zima, yakagawanywa kwa mayai ambayo tani moja ya samaki ingetaga usiku huo. Jibu ni tani za samaki walio hai baharini, na hakuna hata mmoja aliyepaswa kusimama ahesabiwe. Njia hiyo imesambaa tangu hapo kutoka Peru mpaka Hispania, Afrika Kusini na Australia.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu watu wengi wakifika hapa hudhani yai linatabiri. Halitabiri. Yai linasema juu ya wazazi, na wazazi ni jambo la jana. Juu ya mavuno ya miaka mitatu ijayo liko kimya kabisa.

Mnorwe Johan Hjort ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri, mwaka 1914. Alisoma umri wa heringi kwa magamba yao, na akakuta kwamba samaki waliozaliwa mwaka mmoja tu, 1904, walitawala nyavu za Norwe miaka na miaka, huku waliozaliwa miaka ya kabla na baada yake wakiwa karibu hawaonekani. Wazazi hawakuwa wamebadilika kwa kiasi hicho. Kilichobadilika ni bahati ya watoto. Hjort alishuku siku zile chache ambazo kiini cha yai kimekwisha na kiluwiluwi, mwenye urefu wa milimita chache, lazima apate mlo wake wa kwanza au afe.

Huko California, Reuben Lasker alikwenda kuiuliza bahari yenyewe. Alichukua viluwiluwi vya anchovi walioanguliwa maabara, akawapandisha melini, akawaweka katika maji yaliyochotwa juu na katika maji yaliyochotwa chini kidogo, kwenye tabaka lenye mwani mzito. Baada ya saa kadhaa aliwatazama matumboni, nao ni wa kioo, tumbo huonekana. Waliowekwa kwenye maji ya juu walikuwa na njaa. Wale wa tabaka la mwani walikuwa wameshiba. Kisha mwaka 1974, kazi ikiendelea, dhoruba ikavuma. Ilipotulia, tabaka lile lilikuwa limekorogwa na kutawanyika, na viluwiluwi waliopewa maji yake hawakuwa na cha kula. Chakula kilikuwa bado kimo baharini, ila kimetawanyika mno kwa kinywa kidogo vile. Siku mbili tatu za upepo zinaweza kufuta kazi ya mayai mabilioni.

Wala hahitajiki msiba mkubwa kama huo. Chukua viluwiluwi 100,000. Kila siku asilimia 10 wakifa, baada ya siku 60 watabaki kama 180. Kila siku asilimia 12 wakifa, watabaki 47. Tofauti ya asilimia mbili kwa siku, ambayo hakuna wavu duniani unaoweza kuipima kwa uhakika, inageuza mwaka wa neema kuwa mwaka wa njaa. Tena viluwiluwi wakubwa hukwepa wavu, hasa mchana, na wembamba hupenya kwenye matundu, kwa hiyo kadiri wanavyokua ndivyo takwimu zinavyozidi kuwa na mashaka. Ndiyo maana sensa bora ni ya mayai na si ya watoto, ingawa tunachotamani kujua ni watoto.

Basi sadini alikwenda wapi? Jibu halikutoka kwenye chupa. Limo kwenye tope. Katika bonde la chini ya bahari mbele ya Santa Barbara maji ya sakafuni hayana oksijeni ya kutosha wanyama kufukua, na tope hutulia mwaka juu ya mwaka bila kuvurugwa, na ndani yake magamba ya samaki. Andrew Soutar na John Isaacs waliyahesabu na kuchapisha matokeo mwaka 1969. Wengine wakaendeleza hadi wakapata historia ya miaka 1,700 hivi. Sadini alijaa na kutoweka, akajaa tena, akatoweka tena, karne nyingi kabla ya kopo la kwanza. Hapo wenye viwanda wangeweza kushangilia. Hawangepaswa. Tope linaonyesha kwamba sadini hupungua mwenyewe. Halionyeshi kwamba kumvua kwa nguvu wakati anapungua hakuna madhara, na kwa maoni yangu Clark alikuwa na haki kuliko alivyopewa. Anayeshuka ngazi akisukumwa, huwezi kusema ngazi ndiyo iliyomwangusha.

Wakati wote huo nyavu ziliendelea kushuka. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Miaka ya 1960 na 1970 meli zilipita kwenye vituo vilevile zikaleta chupa zisizo na sadini au zenye sadini wa kuhesabika kwa vidole, na mtu akaandika sifuri kwenye karatasi. Mfadhili yeyote mwenye akili ya duka angeuliza kwa nini tunalipa kutafuta kisichokuwapo. Fedha zilipungua kweli, na kwa miaka kadhaa safari zilifanywa mwaka mmoja katika kila mitatu. Lakini kwa sababu sifuri ziliandikwa, katikati ya miaka ya 1980 mayai ya sadini yalipoanza kuonekana tena, watafiti walijua kuwa hiki ni kitu kipya. Walipima ukubwa wa eneo lenye mayai, wakaona kundi limefika kiwango kilichowekwa na sheria, na mwaka 1986 uvuvi ukafunguliwa kwa mgawo wa tani 1,000. Tani elfu moja, mahali palipowahi kutoka 700,000. Sadini akaongezeka, akashuka tena, na mwaka 2015, alipopungua chini ya tani 150,000, uvuvi ukafungwa kabla hajafika pale alipofika babu yake. Safari hii walifunga mlango ng'ombe bado yumo zizini.

Kwa kazi hiyo ya kumkadiria sadini, mayai hutafutwa siku hizi bila hata kushusha wavu. Tangu miaka ya 1990 kuna pampu inayonyonya maji kutoka kina cha mita tatu, lita 640 hivi kwa dakika, huku meli ikienda mwendo wake wa kawaida. Maji huchujwa na mayai hutazamwa papo hapo. Kiongozi wa safari akiona mayai yameongezeka huamuru vituo viongezwe hapo. Bado pampu haijafuta bongo. Inaona juu tu, na wanaoitazama hutenga zaidi mayai ya samaki wanaotafutwa.

Bongo huokota kila kitu, na kwa hiyo imejibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza mwaka 1949. Maji ya California yalipopata joto mwaka 1957 na 1958, ilikuwa ni vituo hivi vilivyokuwa na miaka ya baridi ya kulinganisha nayo, na wanasayansi wakakutana mwaka 1958 huko Rancho Santa Fe wakaanza kuelewa kwamba jambo hilo ni la Pasifiki nzima. Mwaka 2006, Chih-hao Hsieh na wenzake walilinganisha viluwiluwi vya spishi zinazovuliwa na vya zisizovuliwa, kwa rekodi ya nusu karne, wakaonyesha kwamba wanaovuliwa huyumba zaidi mwaka hadi mwaka. Mwaka 2011 Anthony Koslow na wenzake walitazama viluwiluwi vya samaki-taa na jamii nyingine za kilindini, ambao hakuna mtu anayewavua wala kuwala, wakakuta wamekuwa wakipanda na kushuka pamoja na oksijeni ya maji ya kati. Hakuna ushuru wa sadini ungeidhinishwa kwa ajili ya samaki-taa. Waliingia wavuni tu, wakahesabiwa kwa kuwa mtu fulani hakuwa na uvivu wa kuwaruka. Siku hizi upande mmoja wa bongo huhifadhiwa kwa ethanoli badala ya fomalini, kwa sababu fomalini huharibu vinasaba, na imeonekana kwamba hata ile ethanoli yenyewe, ukiichota bila kugusa kiluwiluwi, ina vinasaba vya kutosha kusema nani alikuwa chupani.

Bahari yetu nayo ilipata sensa, mara moja. Katika Safari ya Kimataifa ya Bahari ya Hindi, kati ya mwaka 1959 na 1965, meli za mataifa mengi zilitumia wavu mmoja wa kiwango, zikiuvuta kutoka mita 200 mpaka juu, pamoja na katika maji ya upande wetu wa Afrika. Chupa zilipelekwa Cochin, India, ambako kituo kilianzishwa kwa kazi hiyo, na huko mayai na viluwiluwi vya samaki vikachaguliwa na kuchorwa kwenye ramani. Mapema miaka ya 1980 ikaja meli ya Norwe na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyobeba jina la yule shemeji wa Sars, Dr. Fridtjof Nansen, ikapima samaki wa Kenya na Tanzania kwa mawimbi ya sauti na nyavu za kukokota, na baadaye meli nyingine zenye jina hilo zikarudi. Kazi nzuri zote. Lakini ramani ya Cochin ni ya miaka ile. Haiwezi kukuambia kama mayai ya mwaka huu ni haba, kwa sababu hakuna mstari wa sifuri na mamia ulioifuata.

Kwetu mambo mengine ni magumu zaidi. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huwa na kasi. Maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde husafiri kilomita 86 kwa siku, hivyo mtoto wa yai lililotagwa usiku huu kaskazini mwa Unguja anaweza kukulia akiwa raia wa Kenya. Mwambani, spishi kwa mamia hutaga katika maji yaleyale, na yai la changu, la chewa na la kolekole yote ni duara, kioo, chini kidogo ya milimita moja, tone la mafuta moja. Hayo yanahitaji vinasaba. Ya tafi ndiyo hayaonekani kabisa, kwa kuwa mayai yake hunata chini.

Dagaa ni habari nyingine, na ningeanza naye. Ni samaki anayeajiri watu wengi Unguja na mwambao wa Tanzania, anayekaushwa na kupelekwa mpaka Kongo, na yai lake ni refu kama la binamu yake wa California. Mwanafunzi anaweza kulitambua baada ya asubuhi moja. Njia ya mayai imejaribiwa Hawaii kwa dagaa wa jamii hiyo, ikafanya kazi. Tatizo ni joto. Huko ilionekana jike hutaga kila baada ya siku mbili, na yai huanguliwa karibu katika siku moja. Kwa hiyo mhesabu hatapata mayai ya jana, ya juzi na ya kabla ya juzi ndani ya wavu mmoja. Atapata ya usiku mmoja tu, na mteremko wa kifo itabidi auchore kwa kurudia maji yaleyale saa baada ya saa, kutwa na usiku. Majike wa kukatwa ovari angewapata bila gharama kutoka kwa wavuvi wa taa, ambao tayari wako baharini kila usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hao hulala nyumbani, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na kwa siku hizo meli ingelazimika kuwatafuta yenyewe.